Amana Yako Iandikwe: Kutunza Vitu vya Thamani Hotelini, Kutoka Rumonge Hadi Kabonga

Umeshuka kutoka Bujumbura kwa barabara ya RN3, ziwa likiwa mkono wako wa kulia, na baada ya kilomita 75 hivi umeingia Rumonge. Au umekuja kutoka upande wa pili: boti kutoka Kigoma hadi Kagunga, ukavuka mpaka, ukatokea Kabonga. Vyovyote ulivyokuja, umechukua chumba karibu na maji, umepewa ufunguo uliofungwa kwenye kibao chenye namba, na sasa umekaa ukingoni mwa kitanda na pasipoti, simu mbili, bangili za dhahabu za harusi unayoiendea na bahasha ya pesa. Unazungusha macho chumbani: niviweke wapi?

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Walikuwa wakiwaambia wafanyabiashara, lakini msafiri anayelala nyumba ya wageni ndiye anayehitaji neno hilo kuliko wote. Kufuli huvunjwa, sefu hufunguliwa, zamu wa usiku husinzia. Kitu kilichoandikwa, kikahesabiwa mbele ya mtu, kikatiwa saini, ni kigumu kupotea. Na kikipotea, una mahali pa kusimamia. Kwa hiyo katika hatua zote zilizo hapa chini, ukikosa nafasi ya kuzifuata zote, fuata zile za maandishi.

KWA NINI MWAMBAO HUU UNA MAMBO YAKE

Kwanza, hapa unabeba pesa taslimu. Ukiacha hoteli kubwa za Bujumbura, kadi ya benki haitakusaidia sana kulipa chumba, samaki mukeke wa kuchoma au boti. Na noti kubwa kuliko zote Burundi ni ya faranga 10,000. Kwa bei ya benki ya mwaka 2025, dola moja ikikaribia faranga 3,000, mtu aliyebadilisha dola 300 anatembea na karibu noti 90. Hilo ni fungu. Haliingii kwenye pochi ya kawaida, linavimbisha mfuko wa suruali, na kila anayekuona ukihesabu anajua unacho. Ndiyo sababu wageni wengi hubadilisha pesa nyingi kwa siku moja kisha huziacha chumbani, na hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Pili, hoteli nyingi za mwambao hazina ghorofa. Vyumba vinatazama ziwa, joto ni kali, mgeni anafungua dirisha ili apate upepo, analala. Nondo za dirisha humzuia mtu kuingia, lakini hazizuii fimbo ndefu yenye ndoana. Suruali iliyotundikwa kwenye kiti, mkoba ulioachwa mezani, simu inayochajiwa kwenye soketi iliyo chini ya dirisha: vyote vinaweza kuvuliwa kama samaki, na mwizi hajatia mguu ndani.

Tatu, umeme hukatika. Taa za nje zikizimika, njia ya kutoka ufukweni hadi mlangoni kwako ni giza tupu mpaka jenereta iwashwe, kama ipo.

Nne, ziwa lenyewe. Katika miaka ya 2021 na 2024 maji ya Tanganyika yalipanda mpaka yakaingia kwenye nyumba, hoteli na bandari za mwambao, na mtaa wa Kanyenkoko mjini Rumonge uliumia sana. Msimu wa mvua, usifikirie wizi peke yake. Kitu kilicho chini ya kitanda, sakafuni, kwenye chumba kilicho hatua chache kutoka majini, kiko mahali pabaya hata pakiwa hakuna mwizi hata mmoja Burundi nzima.

Tano, uko karibu na mpaka. Kabonga ni hatua chache kutoka Tanzania, na njiani kuna bariyeri ambapo polisi huuliza vitambulisho. Hati zako si za kufungia tu, utaombwa uzionyeshe. Nitalirudia hili, maana linabadilisha ushauri wa kawaida.

KABLA HUJAFUNGA MKOBA

1. Punguza. Kila kitu cha thamani unachokiacha nyumbani ni kitu kimoja usichokuwa na haja ya kukilinda. Kama dhahabu ni ya siku moja ya harusi, ulizana na wenyeji wako kama wanaweza kukutunzia nyumbani kwao. Nyumba yenye bibi asiyetoka inashinda hoteli yenye sefu.

2. Piga picha. Pasipoti ukurasa wa picha na ule wa muhuri wa kuingilia, kitambulisho, karatasi ya njano ya chanjo, kompyuta na namba yake ya nyuma, kila kipande cha dhahabu kikiwa kando ya sarafu ili ukubwa uonekane. Picha hizo zitumie kwa mtu mmoja nyumbani unayemwamini. Zikibaki kwenye simu tu, zitaibwa pamoja na simu.

3. Andika namba ya utambulisho ya simu. Bonyeza *#06# na tarakimu 15 zitatokea. Ziandike kwenye karatasi. Polisi na kampuni ya simu watazihitaji, na ukishaibiwa huwezi tena kuziona.

4. Weka namba ya siri kwenye laini ya simu, siyo kwenye kioo peke yake. Mwizi akitoa laini yako akaiweka kwenye simu nyingine, anapokea ujumbe wa uthibitisho wa Lumicash, EcoCash au M-Pesa yako kana kwamba ni wewe.

5. Nunua vitu vitatu vya bei ndogo: kufuli dogo, kabari ya mlango ya mbao au mpira, na mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Kando ya ziwa hewa ina unyevu. Noti za dola zilizolowa, zilizokunjika au za miaka ya zamani hukataliwa na wabadilishaji, na hasara hiyo ni sawa na kuibiwa.

6. Kama una faranga za Burundi za safari iliyopita, zikague kabla ya kuondoka. Mwezi Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilitoa noti mpya za 5,000 na 10,000 na kuziondoa zile za toleo la 2018, na watu wakapewa siku 10 tu kuzibadilisha. Waliokuwa wameficha fedha ndani ya godoro waliumia. Ukibadilisha pesa mpakani, angalia toleo la kila noti.

DAKIKA KUMI NA TANO ZA KWANZA

Usifungue mkoba kwanza. Usivue viatu. Mtu aliyekuletea mzigo akiwa bado mlangoni, kagua chumba, kwa sababu ni rahisi kuomba kingine kabla hujakaa.

1. Funga mlango kwa ufunguo ukiwa ndani, kisha usukume kwa bega. Ukicheza kwenye fremu, omba chumba kingine.

2. Tazama komeo la ndani. Ufunguo una nakala. Mapokezi wanayo, meneja anayo, na pengine mgeni wa mwezi uliopita aliondoka na wake. Komeo la ndani halina nakala. Chumba kisicho na komeo ni lazima kiwe na kabari.

3. Nenda dirishani. Nondo zipo zote? Wavu umechanika? Ukinyoosha mkono kutoka nje, unafika mezani? Kama unafika, sogeza meza sasa hivi.

4. Kama kuna mlango wa kuingilia chumba cha jirani, au mlango wa baraza upande wa ziwa, ujaribu nao. Huu ndio mlango ambao watu huusahau, kwa sababu pazia limeufunika.

5. Uliza mapokezi maswali matatu, kwa adabu, lakini usikubali kujibiwa juu juu: Nani ana ufunguo wa ziada wa chumba changu? Zamu wa usiku ni nani na anakaa upande gani? Mnapokea amana, na mnaiandika wapi?

Swali la tatu ndilo litakalokuonyesha hoteli uliyoingia. Mpokezi anayevuta daftari na kukuonyesha kurasa zilizojazwa amekujibu. Anayesema "usiwe na wasiwasi, hapa hakuna wizi" amekujibu vilevile.

Pasipoti ikichukuliwa mapokezi kwa ajili ya kujaza fishi ya mgeni, subiri palepale mpaka irudi. Usikubali ilale mapokezi. Sema tu, "Dada, naomba ninakili namba nikiwa hapa, kisha naondoka nayo." Hakuna mtu mwenye nia njema atakayekasirika.

KISANDUKU: UKIKUTA SEFU CHUMBANI

Sefu nyingi za hoteli ni visanduku vyepesi vyenye vitufe. Jaribu mambo manne kabla ya kuiamini.

– Isukume na kuivuta. Ikiwa haikufungwa kwa skrubu kwenye ukuta au kabati, mwizi ataibeba nzima.
– Ifunge tupu kwa namba yako, kisha bonyeza sifuri sita, halafu tisa sita. Watengenezaji wengi huweka namba ya dharura ya aina hiyo kiwandani, na hoteli zisizo makini haziibadilishi. Ikifunguka, usiweke hata bangili.
– Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa wala namba ya chumba.
– Futa vitufe kwa kitambaa baada ya kubonyeza. Alama za vidole vyenye mafuta huonyesha ni vitufe vipi vinatumika.

Sefu hizi hutumia betri, kwa hiyo umeme ukikatika bado zinafanya kazi. Lakini betri ikifa usiku wa kuamkia safari, mwenye ufunguo wa dharura lazima apatikane. Usiweke pasipoti humo usiku wa mwisho.

Na kama uko kwenye hoteli kubwa ya mjini inayofunguliwa kwa kadi, usidhani kadi imemaliza habari. Machi 2024 watafiti walitangaza kasoro kwenye kufuli za Saflok za kampuni ya dormakaba, zilizokuwa kwenye milango zaidi ya milioni 3 katika nchi 131: kadi mbili walizozitengeneza wenyewe zilitosha kufungua mlango. Komeo la ndani na kabari vina kazi hata huko.

AMANA: HATUA AMBAYO WENGI WANAIRUKA

Hoteli isiyo na sefu chumbani mara nyingi ina kasha la chuma ofisini, au kabati la meneja lenye kufuli. Wageni huona aibu kuomba kuweka vitu humo, au hukabidhi bahasha kwa mdomo tu: "Kaka, nitunzie hii." Kukabidhi kwa mdomo ni kubaya kuliko kuficha chumbani, kwa sababu sasa mtu mwingine anajua unacho na huna ushahidi kwamba alikipokea.

Sheria iko upande wako zaidi ya unavyodhani. Sheria ya mikataba ya Burundi ina mizizi katika amri ya 30 Julai 1888, iliyotungwa kwa ajili ya Kongo ya Mfalme Leopold II na baadaye ikaletwa huku na Wabelgiji. Amri ile ilifuata mfano wa kanuni ya Napoleon, na ndani ya mfano huo mwenye nyumba ya wageni huhesabiwa kama mtunza amana wa vitu ambavyo msafiri ameingia navyo. Ufaransa kwenyewe wameliweka wazi kwa vipimo: kitu kilichokabidhiwa mikononi mwa hoteli, hoteli hukilipa bila kikomo, kitu kilichobaki chumbani, fidia ina mpaka wa mara 100 ya bei ya chumba kwa siku. Uingereza, kwa sheria yao ya mwaka 1956, mpaka ni mdogo zaidi: pauni 50 kwa kitu kimoja na 100 kwa mgeni. Viwango hivyo si vya hapa, lakini mantiki yake inavuka mipaka: uliyekabidhi kwa maandishi una nguvu, uliyeficha chini ya godoro huna.

Na zaidi ya sheria, neno lenyewe lina uzito. Katika mji wenye misikiti kama Rumonge, mwambie mzee wa mapokezi, "Mzee, naiacha hii kwako kama amana," naye anajua umemtwisha nini. Neno amana halibebwi kama neno mzigo.

Fanya hivi:

1. Hesabu pesa chumbani, peke yako, mlango umefungwa. Usihesabie mapokezi mbele ya wanaosubiri chakula.

2. Weka kwenye bahasha. Ifunge kwa gundi, kisha tia saini yako juu ya mdomo wa bahasha, nusu ya saini upande mmoja na nusu upande mwingine, halafu bandika karatasi ya gundi inayoonekana juu yake. Ikifunguliwa, utajua.

3. Andika stakabadhi mbili zinazofanana. Unaweza kunakili hii:

"Leo tarehe ........, saa ........, mimi ........ (jina na kazi hotelini) nimepokea kutoka kwa mgeni wa chumba namba ........ bahasha moja iliyofungwa na kutiwa saini, ambayo mgeni ameeleza kuwa ina: ........ Itarudishwa kwa mgeni mwenyewe tu, kwa kuonyesha stakabadhi hii na kitambulisho. Saini ya mpokeaji ........ Saini ya mgeni ........ Muhuri ........"

4. Omba muhuri. Huku kwetu karatasi isiyo na muhuri inaonekana kama barua ya mtoto.

5. Piga picha bahasha, stakabadhi na kasha ambamo bahasha imewekwa.

6. Uliza ni saa ngapi mwenye ufunguo wa kasha yupo. Hili ni muhimu sana siku ya Jumamosi: asubuhi kuna kazi za jamii, magari hayatembei kwa uhuru, na meneja anaweza kuwa hayupo. Ukiwa unaondoka Jumamosi au alfajiri yoyote, chukua amana yako jioni ya kuamkia.

7. Ukirudishiwa, kagua saini kwenye mdomo wa bahasha kabla ya kufungua, hesabu, kisha ndipo urudishe stakabadhi. Usikubali kuambiwa "saini hapa kwanza, utahesabu baadaye."

KAMA HAKUNA SEFU WALA AMANA

Basi gawa mafungu matatu. Fungu la siku liwe mfukoni: pesa za chakula, pikipiki na soda. Fungu la akiba liwe mwilini, kibindoni kama mama zetu walivyofanya tangu zamani, au kwenye pochi bapa ya kuvaliwa ndani ya nguo. Fungu la dharura, yaani nauli ya kurudi nyumbani na nakala ya hati, lifichwe chumbani mahali pasipotazamiwa. Mwizi akilipata moja, mawili yamebaki.

Mahali pasipofaa panajulikana na kila mtu anayeingia vyumba vya wageni: chini ya godoro, ndani ya foronya, nyuma ya televisheni, juu ya kabati, ndani ya Msahafu au Biblia, ndani ya viatu, kwenye tangi la maji chooni. Fungu dogo linakaa vizuri zaidi ndani ya mfuko wa nguo chafu, au katikati ya boksi la pedi, au ndani ya soksi iliyovaliwa na kukunjwa na mwenzake. Andika kwenye karatasi ya pochini ulikoliweka.

Mkoba wenye zipu na kufuli usikupe usingizi sana. Zipu ya kawaida hutobolewa kwa ncha ya kalamu, vikatolewa vitu, kisha vishikizo vikarudishwa juu yake na ikajifunga tena kana kwamba hakuna aliyeigusa. Kufuli linasaidia likiunganisha vishikizo vyote viwili na mpini wa mkoba, ili visiweze kutembezwa. Hata hivyo, linamchelewesha mtu, halimzuii.

Na pasipoti? Ungekuwa Bujumbura ningekuambia uiache na utembee na nakala. Ukiwa Nyanza-Lac, na hasa Kabonga, ninashauri kinyume: tembea na hati halisi mwilini, kwenye plastiki, ndani ya nguo. Karibu hivi na mpaka, kukutwa na nakala tu kunaweza kukugharimu nusu siku ya maelezo. Ukienda kuogelea ndipo uiweke kwenye amana.

UFUKWENI

Watu hulinda chumba usiku na kukiacha wazi mchana, wakati wapo majini. Mwishoni mwa wiki watu hushuka kutoka Bujumbura kuja fukwe za Resha na Rumonge. Sura mpya ni nyingi na hakuna anayejua nani ni mgeni wa hoteli na nani amepita tu.

– Ufunguo wenye kibao cha namba ya chumba usiuache kwenye taulo. Kibao hicho ni anwani. Ukabidhi mapokezi mkononi mwa mtu, siyo juu ya kaunta, au uuvae shingoni kwa kamba.
– Mkienda watatu, mmoja abaki na vitu. Mpokezane.
– Simu usiifiche ndani ya kiatu. Hapo ndipo pa kwanza kutazamwa.
– Ukimwomba mchuuzi wa karanga akuangalizie vitu, umempa kazi ambayo hakuiomba. Vikipotea utamlaumu yeye.

USIKU

Toa simu na kompyuta kwenye upande wa dirisha. Chaji upande wa kitanda. Nguo zenye pesa zisitundikwe. Weka komeo, weka kabari. Mtu akibisha na kusema ni wa hoteli, usifungue kwanza: uliza jina na shida yake, kisha piga simu mapokezi. Tochi iwe karibu na mto, na kama msimu ni wa mvua, kila kitu cha thamani kiwe juu ya kimo cha kitanda.

Salimiana na zamu. Mpe jina lako, muulize lake, mpe chai. Mtu anayekufahamu hutazama mlango wako kwa macho mengine.

KABLA HUJAMTAJA MTU

Hapa naomba unisikilize vizuri.

Miaka michache iliyopita, kwenye nyumba moja ya wageni ya mwambao huu, niliamka nisione bahasha yangu. Nilipekua mara moja, nikashuka mapokezi nikiwa nimekasirika. Binti aliyekuwa akisafisha vyumba aliitwa ofisini mbele ya wenzake. Alisimama ukutani akilia, aproni ikiwa mikononi, akiapa kwa jina la mama yake. Saa moja baadaye niliipata bahasha ndani ya mfuko wa koti nililolivaa usiku uliotangulia, ambako nilikuwa nimeihamisha mwenyewe kabla ya kulala. Niliomba radhi mbele ya watu walewale. Yule binti alinisamehe kwa maneno, lakini macho yake hayakuniangalia tena mpaka nilipoondoka.

Mfanyakazi wa hoteli ndogo mara nyingi hana mkataba wa kumlinda. Neno lako moja linaweza kumtoa kazini siku hiyohiyo, na mji mdogo hausahau. Kwa hiyo kutunza vitu vyako vizuri ni kumtunza na yeye: usiache pesa mezani ukimwachia asafishe, usimjaribu kwa noti zilizotawanyika, na ikiwezekana chumba kisafishwe ukiwepo.

KITU KISIPOONEKANA

1. Kaa chini. Pekua chumba mara mbili kwa mpangilio, kona baada ya kona, pamoja na nguo za jana na gari.

2. Kama ni simu, azima nyingine mara moja: piga kampuni ya simu wafunge laini, kisha funga akaunti ya pesa, kisha tumia huduma ya kutafuta simu iliyopotea. Laini kwanza.

3. Kama mlango au dirisha limevunjwa, usiguse. Piga picha, toka, funga.

4. Mwite meneja mwenyewe. Mweleze kilichopotea, ulipokiona mara ya mwisho na saa ngapi. Usiseme "fulani ameiba". Mwombe aandike taarifa kwenye daftari la hoteli na akupe nakala yenye muhuri.

5. Nenda polisi siku hiyohiyo, ukiwa na stakabadhi ya amana, picha na namba ya utambulisho ya simu yako. Omba afisa anayeandika mashauri, ambaye wenyeji humwita kwa kifupi OPJ, akuandikie PV, yaani taarifa rasmi ya polisi. Itaandikwa kwa Kifaransa au Kirundi. Kama husomi lugha hizo, mwombe mtu akusomee yote kabla hujasaini.

6. Ikiwa ni pasipoti, hati ya upotevu utakayopewa ndiyo itakayokupitisha kwenye bariyeri mpaka ufike ubalozi. Tanzania na Kenya wana ubalozi Bujumbura, na mtu wa Burundi aliyepoteza hati akiwa Kigoma ana konseli yake palepale mjini. Ubalozi unaweza kukupa hati ya dharura ya safari.

7. Usikubali kundi la vijana likuahidi kumtafuta mwizi. Mtu akipigwa kwa jina lako, damu hiyo ni yako.

ORODHA YA MLANGONI (ikate, ibandike ndani ya jalada la pasipoti)

☐ Picha za hati zipo kwa mtu nyumbani
☐ Namba ya utambulisho ya simu iko kwenye karatasi
☐ Komeo, dirisha na mlango wa baraza vimejaribiwa
☐ Amana imeandikwa, ina saini na muhuri
☐ Mafungu matatu yametenganishwa
☐ Hakuna kitu sakafuni wala chini ya dirisha
☐ Ufunguo uko mkononi mwa mtu ninayemjua jina
☐ Siku ya kuondoka: soketi, bafuni, nyuma ya mlango, chini ya mto, kasha la ofisi

Na wewe mwenye hoteli wa Resha, Nyanza-Lac au Kabonga, kama mwongozo huu umefika mikononi mwako: nunua daftari moja la stakabadhi lenye karatasi ya kaboni, liweke mapokezi pamoja na muhuri, na umfundishe mpokezi wako kulijaza leo.